Jibu Lisilokuwamo katika Mwongozo: Kufundisha Masoko ya Nje kwa Mfano wa Samaki wa Ziwa Victoria

Miongoni mwa mada ambazo sisi wakufunzi wa Biashara huzimaliza upesi, na kwa sababu hiyo huziharibu, ni mada ya masoko ya nje. Mada hii ni nyepesi mno kuandikika ubaoni. Mkufunzi huandika kichwa cha somo, akakipigia mstari, kisha akaorodhesha vikwazo vya biashara ya kimataifa: ushuru wa forodha, mgawo wa bidhaa, udhibiti wa fedha za kigeni, siasa, tofauti za sheria, lugha, umbali. Wanachuo hunakili. Kengele ikilia, mada imekwisha. Nasi tulifanya hivyo kwa miaka kadhaa, tukijihesabu kuwa walimu wema, maana wanachuo wetu walifaulu.

Katika makala haya tunakusudia kuwaeleza walimu wenzetu jinsi tulivyouacha mtindo huo, na mahali tulipokwama baada ya kuuacha. Kisa chenyewe kinaanza na kosa letu la kusahihisha, nasi hatuna budi kulieleza lilivyokuwa.

Mapema mwaka 1998, katika chuo kilicho karibu na Ziwa Victoria, tulitoa jaribio lenye swali hili: "Eleza vikwazo vinne vinavyoikabili nchi inayotafuta soko la bidhaa zake ng'ambo." Mwongozo wa kusahihishia tulikuwa nao, tumeuandika wenyewe, alama tano kwa kila kikwazo. Mwanachuo mmoja, kijana mkimya ambaye hatukuwahi kumwona akinyosha mkono, hakuandika vikwazo vinne. Aliandika hivi: "Ninachokijua ni kimoja. Samaki wa baba yangu hawakutozwa ushuru, wala hawakuwekewa mgawo, na aliyewakataa hakuwaona. Wamekataliwa kwa sababu huku kwetu kuna kipindupindu. Sijui kikwazo hiki kinaitwaje." Basi. Chini yake tuliandika kwa kalamu nyekundu, "Soma swali vizuri," tukampa sifuri.

Siku ya pili alikuja ofisini. Tulijiandaa kumweleza kwamba mtihani una taratibu zake. Akatutangulia: "Shikamoo, Mwalimu. Sikuja kudai alama. Nimekuja kuuliza jina lake." Hatukuwa na jina. Tulimwambia aje wiki ijayo, na wiki nzima tukahangaika na vitabu. Aliporudi tulimpa lile tulilolipata: vikwazo visivyo vya ushuru. Akalifikiri kidogo, kisha akasema kwa adabu, "Lakini hilo, Mwalimu, si jina. Ni kusema tu kwamba si kitu fulani."

Tangu siku hiyo tumekuwa tukifundisha mada hii kwa samaki.

Kwa faida ya wasomaji walio mbali na ziwa, yafaa tueleze mambo yalivyokuwa. Sangara si samaki wa asili wa Ziwa Victoria. Alipandikizwa humo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na alipoongezeka aliwala furu kwa wingi hata aina nyingi za furu zikatoweka. Katika miaka ya 1980 na 1990 vilijengwa viwanda vya minofu kuzunguka ziwa, Kisumu, Mwanza, Musoma na upande wa Uganda, na mnunuzi wao mkuu akawa Ulaya. Minofu mibichi iliondoka kwa ndege, iliyogandishwa iliondoka kwa meli. Vichwa na mifupa, ndiyo mapanki, vilibaki kwetu. Mabondo yalikwenda Mashariki ya Mbali. Hakuna kilichotupwa. Baba wa kijana yule alikuwa mkusanyaji: alipita visiwani na mtumbwi wenye barafu, akinunua kwa wavuvi na kuuza kiwandani.

Mwishoni mwa mwaka 1997 zilinyesha mvua kubwa za El Niño, na kipindupindu kikaenea katika nchi za Afrika Mashariki. Mwezi Desemba Tume ya Ulaya ilitaka samaki wetu wapimwe vimelea wanapoingia, na Januari 1998 ikapiga marufuku samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji. Tunaomba msomaji aitazame tena orodha hiyo ya nchi. Msumbiji haina hata ufuko mmoja katika Ziwa Victoria. Mazao yake ya uvuvi hutoka zaidi baharini. Marufuku ilifuata mipaka iliyochorwa katika ramani, wala haikufuata maji. Huu ndio mfano wa kwanza tunaowapa wanachuo. Mara nyingi tunawaachia wenyewe waigundue hiyo Msumbiji kwa kuweka orodha na ramani ubaoni, kisha tukanyamaza.

Shirika la Afya Duniani halikuona kwamba marufuku ya namna hiyo ilikuwa na msingi. Ushauri wake ulikuwa kwamba kuzuia bidhaa za nchi kwa sababu tu ya kuwako kipindupindu si njia ya kuzuia ugonjwa huo. Shirika la Chakula na Kilimo nalo lilitoa maoni kwamba hatari ya kuambukizwa kwa njia ya samaki wa biashara ni ndogo. Tanzania ikalipeleka jambo hilo katika kamati husika ya Shirika la Biashara Duniani, Geneva. Katikati ya mwaka 1998 marufuku ikaondolewa.

Sasa, mwalimu anaweza kukisimulia kisa hiki kwa dakika kumi, wanachuo wakasikitika, na mada ikaisha vilevile kama ilivyokwisha kwa orodha. Nasi mara ya kwanza ilitokea hivyo. Darasa zima lilitoka likiwa na jawabu moja: wakubwa wanatuonea. Jawabu hilo lina ukweli ndani yake, ila ni jawabu linalomaliza kufikiri kabla hakujaanza.

Tukajaribu mchezo wa kuigiza. Tuliwagawa wanachuo: hawa ni wajumbe wa Tanzania, hawa wa Tume ya Ulaya, hawa wenye viwanda, huyu mama anayenunua samaki sokoni katika mji wa Hispania. Mchezo uliharibika vibaya. Kila mtu alitaka kuwa mjumbe wa Tanzania. Waliopewa Ulaya walizungumza kwa puani, wakafanya dhihaka, darasa likacheka hadi mkuu wa taaluma akachungulia dirishani. Tuliondoka tumeaibika. Hata hivyo tulijaribu tena wiki iliyofuata kwa sharti moja: kila anayesimama aanze kwa kujibu swali, "Ukikosea, nani ataumia, na wewe utajua lini?"

Sharti hilo lilibadili mambo kuliko tulivyotazamia. Msichana aliyekuwa waziri wa Ulaya alisimama, akanyamaza kidogo, akasema: "Nikiruhusu samaki akaugua mtoto mmoja, kesho nitaandikwa gazetini na nitaondolewa. Nikizuia, watakaoumia ni wavuvi wa mbali. Hao hawanipigii kura, na huenda nisijue kamwe." Hakucheka mtu. Hapo ndipo tulipopata nafasi ya kuwaeleza kwamba Ulaya ya wakati ule ilikuwa imetoka kutishika: Machi 1996 nyama ya ng'ombe ya Uingereza ilipigwa marufuku kwa sababu ya ule ugonjwa uliopewa jina la kichaa cha ng'ombe, na wananchi wa huko walikuwa wamewalaumu vikali viongozi waliowaambia kwamba nyama ni salama. Kiongozi aliyetoka katika balaa hiyo hukitazama kila chakula kigeni kwa jicho jingine. Kueleza sababu ya mtu kutenda jambo si kumtetea. Bali mfanyabiashara asiyejua mnunuzi wake anaogopa nini hataweza kumuuzia.

Upande wa sheria tuliuogopa, kwa kuwa sisi si wanasheria. Lakini tuligundua kwamba vifungu viwili tu vinatosha kwa darasa letu. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani unaohusu hatua za kulinda afya za watu, wanyama na mimea ulianza kutumika tarehe 1 Januari 1995. Kifungu cha pili, ibara ndogo ya pili, kinaitaka kila nchi isichukue hatua hizo pasipo ushahidi wa kutosha wa kisayansi. Kifungu cha tano, ibara ndogo ya saba, kinasema kwamba ushahidi usipotosha, nchi yaweza kuchukua hatua za muda, huku ikitafuta habari zaidi na kuiangalia upya hatua yake katika muda unaofaa.

Tunaviandika vifungu hivi ubaoni, kimoja kushoto na kingine kulia, tunawauliza wanachuo: samaki wetu walikataliwa kwa kifungu kipi? Mabishano huwa marefu. Mwaka mmoja mwanachuo aliuliza, "Muda unaofaa ni wa nani? Wa mwanasheria au wa samaki?" Swali hilo tumelihifadhi, na kila mwaka tunalitoa kama halikutoka lenyewe. Mnofu mbichi una siku chache tu za kufaa kuuzwa. Kamati ya Geneva hukutana mara chache kwa mwaka. Mtu aweza kushinda kesi akiwa amekwisha kufilisika. Mkusanyaji mwenye deni la mafuta na barafu hangoji kifungu cha tano, anauza mtumbwi.

Kuna sheria nyingine ambayo wanachuo huiona kavu mwanzoni lakini kwa maoni yetu ndiyo yenye uzito zaidi. Ni agizo la Ulaya la mwaka 1991 juu ya masharti ya afya kwa mazao ya uvuvi. Ulaya haikuahidi kumkagua kila mwenye kiwanda wa Mwanza au Kisumu. Ilitaka kila nchi iwe na mamlaka moja yenye dhamana, ambayo ukaguzi wake ungekubalika kuwa sawa na ule wa Ulaya, na ambayo sahihi yake ingesimama badala ya macho ya mnunuzi. Kwa hiyo, kinachovuka mpaka ni samaki pamoja na neno la mtu juu ya samaki. Neno hilo lisipoaminiwa, samaki hata awe msafi namna gani hana njia. Yule kijana alikuwa amelisema jambo hili katika jibu lake, kwa maneno machache, nasi tukaandika "Soma swali vizuri."

Hapa twaomba tuseme neno kidogo juu ya lugha. Tumezoea kuita somo hili "utafutaji masoko", kana kwamba soko ni mbuzi aliyepotea kichakani, na akishaonekana kazi imekwisha. Soko la sangara lilikuwa limeshaonekana. Wanunuzi walikuwako, bei ilikuwako, ndege zilikuwako. Neno letu halitusaidii kufundisha namna soko lililopatikana linavyoweza kufungwa kwa barua moja. Hatuna neno bora la kupendekeza, ila tunawatahadharisha wanachuo wasidanganywe na hilo tulilo nalo.

Tuje sasa kwenye utafiti, ambao ndio uliotuchukua muda mrefu na kutupa fedheha nyingi.

Swali tunaloanza nalo ni jepesi kulitamka: utamthibitishiaje mtu kwamba samaki wako hawana ugonjwa? Wanachuo hujibu kwa sauti moja, "Tutawapima." Wangapi? "Hamsini." "Sitini." Basi tunaleta gunia la mahindi meupe lililochanganywa maharage mekundu, haragwe moja katika kila punje mia, na kuchanganywa sawasawa. Tunawaambia kila haragwe ni samaki mgonjwa. Kila kundi linachota punje sitini bila kutazama, kisha linahesabu. Zaidi ya nusu ya makundi kwa kawaida hayapati haragwe hata moja, nayo hutangaza kwa furaha kwamba gunia ni safi. Hapo tunawaonyesha hesabu yake: uwezekano wa kuchota punje sitini zote nyeupe katika gunia hilo ni kama asilimia 55. Ili uwezekano wa kudanganyika hivyo ushuke hadi asilimia tano, yapasa wachote punje karibu mia tatu. Tena hapo tunazungumzia ugonjwa ulioko katika samaki mmoja kwa kila mia. Ukiwa katika mmoja kwa elfu, zinahitajika karibu elfu tatu.

Somo hili halihitaji fedha, na gunia likiisha kazi huliwa jikoni. Tunawahimiza wenzetu walijaribu. Ndani yake mwanachuo hujifunza kwa mikono yake kwamba kuonyesha kuwa kitu kipo ni rahisi, mmoja tu anatosha, bali kuonyesha kuwa hakipo ni kazi isiyo na mwisho, na kwa hiyo swali la nani abebe mzigo wa kuthibitisha si la kitaalamu peke yake. Ndipo wanaporudi wenyewe kwenye vile vifungu viwili vya ubaoni.

Baada ya gunia tuliwapeleka mwaloni. Tuliandaa dodoso la maswali kumi na tano, likapigwa chapa, kila mwanachuo akapewa nakala na ubao wa kuandikia. Tuliona fahari kuwatazama wakishuka garini. Walirudi jioni na karatasi zilizojaa, na tulipoketi kuzisoma tulishangaa. Makundi mawili yaliyowahoji wavuvi wa mwalo uleule, asubuhi ileile, yalileta mambo yasiyokaribiana. Kundi la kwanza liliambiwa samaki wamekwisha, mtu anarudi na wawili watatu tu. Kundi la pili liliambiwa uvuvi ni mzuri sana, tatizo ni kukosa mikopo. Ilitubidi kuuliza. Kumbe kundi la kwanza lilikuwa na mwanachuo mwenye shati jeupe na viatu vyeusi, nao walidhaniwa ni watu wa ushuru. Kundi la pili lilitanguliwa na uvumi kwamba umekuja mradi.

Habari tuliyoweza kuitegemea siku ile ililetwa na msichana mmoja ambaye hakujaza dodoso hata kidogo. Shangazi yake hukaanga mapanki pale mwaloni. Aliketi naye akamsaidia kuchochea moto, na kwa muda wa saa tatu alisikia wanunuzi, wavuvi na wachukuzi wakibishana. Alituambia jinsi mkusanyaji anavyokata kilo kwa kisingizio cha maji na barafu, jinsi samaki wasiofika sentimita 50, ambao sheria inakataza kuwavua, wanavyofunikwa kwa turubai bwana samaki akionekana njiani, na jinsi kila mtu anavyolijua turubai lile. Tulimuuliza kwa nini hakuandika. Akajibu, "Ningeshika kalamu, Mwalimu, wangenyamaza."

Tulikaa na jibu hilo siku nyingi. Tangu hapo dodoso letu halitangulii. Wanachuo huenda mara ya kwanza bila karatasi, hununua samaki, hubeba, huketi. Wanaandika usiku. Wakienda mara ya pili ndipo huuliza, wakijieleza waziwazi kuwa ni wanachuo, kwa kuwa hatutaki kuwafundisha upelelezi. Hili la pili linatutatiza hata leo: mahali gani kusikiliza kunageuka kuwa kudukua? Tumemuuliza kila mwenzetu tunayemheshimu, na kila mmoja ameweka mpaka mahali pake.

Turudi kwenye lile turubai, kwani linahusiana na mambo ya mwaka 1999 ambayo mwalimu mwenye haki hawezi kuyaficha. Mwaka huo zilienea habari kwamba watu fulani wanatumia sumu, yaani dawa za kuulia wadudu wa mashambani, kuvulia samaki ziwani. Uganda yenyewe ilisimamisha usafirishaji wa samaki wake mwezi Machi, na Ulaya ikafunga mlango Aprili. Mara hii hapakuwa na Shirika la Afya la kututetea, na palikuwa na shida kubwa ya upimaji: kupima mabaki ya sumu katika mnofu ni kazi ya vyombo na wataalamu ambao nchi zetu zilikuwa na upungufu wao. Tanzania ilirudi sokoni kwanza, mapema mwaka 2000. Kenya ilingoja zaidi ya wote. Samaki walikuwa wa ziwa moja. Tanzania ina karibu nusu ya ziwa hilo, Uganda zaidi ya asilimia 40, Kenya asilimia sita hivi, na sangara hana pasi ya kusafiria. Kilichotofautiana ni ofisi: nani aliwahi kuonyesha kwamba ana sheria, wakaguzi, kumbukumbu na maabara.

Mambo haya yanawaumiza wanachuo kuliko yale ya 1998, na yanastahili kuumiza. Katika marufuku ya kwanza tulikuwa na haki na tukaumia. Katika ya pili hatukuweza kusema kama tuna haki au hatuna, kwa kuwa hatukuwa tumepima. Jambo la kutopima la pili ni zito zaidi. Baadaye hali ilibadilika sana: mialo iliyochaguliwa ilisakafiwa na kuezekwa, wakaguzi waliongezwa, na sasa ipo maabara ya taifa ya ubora wa samaki Nyegezi, Mwanza. Ipo pia Taasisi ya Uvuvi ya Ziwa Victoria yenye makao yake Jinja, iliyotokana na mkataba uliotiwa sahihi Kisumu mwaka 1994, na ambayo wanachuo wanaposoma tarehe yake huuliza ilikuwa wapi mwaka 1999. Tunawajibu kwamba kutia sahihi ni siku moja, na kujenga ni miaka.

Hata hivyo kuna jambo ambalo hatulisomi katika kitabu chochote cha masoko, na tunalisema kwa dhamana yetu. Usafi ule uliojengwa kwa shinikizo la mnunuzi wa mbali ulimfuata sangara hadi uwanja wa ndege. Haukumfuata dagaa. Dagaa, ambaye ndiye kitoweo cha wengi wetu na cha shule zetu za bweni, aliendelea kwa miaka mingi kuanikwa juu ya mchanga, kuku wakipita, mvua ikinyesha, na aghalabu hakuna aliyempima. Mwanachuo mmoja aliwahi kuuliza kama sisi nasi hatuna haki ya kupiga marufuku. Darasa lilicheka. Yeye hakucheka, wala sisi.

Ipo pia ile filamu ya mwaka 2004 ya Hubert Sauper juu ya sangara wa Mwanza, ambayo Rais Jakaya Kikwete aliikosoa hadharani mwaka 2006. Wenzetu wengine huitumia kufundishia jinsi sifa ya bidhaa inavyoweza kuharibiwa ng'ambo na mtu asiyeuza wala kununua. Sisi tumeigusia tu. Ubishi wake huwa wa hasira, na saa ya kipindi haitoshi kuutuliza.

Yabaki suala la mtihani, ambalo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Kijana yule alimaliza chuo. Tulimrekebishia alama zake kabla muhula haujaisha, kwa barua ya kukiri kosa ambayo mkuu wa taaluma aliipokea bila furaha. Baba yake hakurudia ukusanyaji. Mtumbwi ulikuwa umeuzwa. Yeye mwenyewe anafundisha Biashara katika shule ya sekondari. Tulipokutana naye kwenye semina tulimwuliza anafundishaje vikwazo vya biashara ya kimataifa. Alitabasamu, akasema anafundisha kwa orodha, ubaoni, kwa sababu mtihani wa taifa unakuja na wanafunzi wake wana haki ya kufaulu. Hatukuwa na la kumjibu.

Mwaka jana tulipendekeza katika kikao cha idara kwamba karatasi ya mwisho ya mada hii iwe na swali moja lisilo na orodha katika mwongozo wake. Mwanachuo apewe kisa cha bidhaa moja iliyozuiwa, aeleze ni nani angehitaji kuthibitisha nini, kwa nani, kwa njia gani, na kabla ya muda gani. Wenzetu wawili waliunga mkono. Wengine waliuliza mambo ambayo hatuyadharau: wasahihishaji watano watalinganaje? Mwanachuo akikata rufaa tutamwonyesha nini? Je, huku si kumtaka mwanachuo abahatishe, na mwenye maneno mengi ndiye apate? Tuliwasomea jibu la mwaka 1998, tukawaomba kila mmoja aandike kwenye karatasi alama ambazo angempa, kati ya ishirini. Karatasi zilipofunguliwa zilikuwa na kila kitu kuanzia sifuri hadi kumi na nane. Mwenyekiti alizitazama, akazikunja, akasema saa imekwenda, na kwamba jambo hili litarudishwa katika kikao kijacho.